Bustani Kavu Kuliko Zote

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Asubuhi hii jua limetoka mapema na limetoka kali. Upepo hakuna. Wingu moja dogo limepita juu ya mtaa wetu wa Mikadini, likatazama chini, likaendelea na safari. Redio ya Taifa imesema hali ya hewa ni nzuri na wananchi wanaifurahia.

Leo pia tumemzika Mzee Makame, mshona kofia. Kabla ya kumzika ilibidi tumwoshe, na hiyo kazi ya kumwosha ndiyo iliyotufikisha kwenye bustani ya Mheshimiwa Waziri. Watu wa mitaa mingine wamekwisha kulieleza jambo hili kwa kuongeza chumvi. Mimi nilikuwepo, na nitalieleza kama lilivyokuwa, Mungu akinisaidia.

Nchi yetu sitaitaja jina. Kulitaja kunahitaji kibali cha Wizara ya Majina, na Wizara ya Majina imefungwa kwa ukarabati.

*

Zamani tulikuwa na Wizara ya Maji. Ikaonekana kwamba jina hilo lina kasoro, kwa sababu wananchi walikuwa wakifika pale na kuomba maji. Jina likabadilishwa, ikawa Wizara ya Unyevu, na Mheshimiwa Bakungwa akateuliwa kuiongoza. Siku ya kuapishwa alisema hivi: “Ndugu wananchi, maji ni uhai, na uhai ni jambo nyeti, na jambo nyeti haliwezi kuachwa mikononi mwa kila mwenye ndoo.” Tulipiga makofi. Mtu aliyekaa karibu nami hakupiga, lakini alikuwa amebeba ndoo.

Mwaka huo huo Waziri alisafiri kwenda nchi za mbali, akarudi na Sikio.

Sikio ni kijiti cha chuma chenye taa ndogo ya kijani. Unakichomeka kwenye udongo wa bustani ya nyumbani, nacho kinausikiliza udongo. Udongo ukiwa na kiu, Sikio linapeleka habari kwa njia ya hewa, na koki inafunguka yenyewe. Udongo ukishashiba, koki inajifunga. Hakuna maji yanayomwagwa bure, na mchicha haunyweshwi kuliko mahitaji yake. Katika darasa letu la jioni la watu wazima tulisomeshwa kipeperushi cha Sikio, kila mmoja aya yake kwa sauti, na nasema kweli mbele ya Mungu wangu kwamba chombo chenyewe ni chema. Aliyekibuni alitaka watu wapate mboga na maji yabaki. Nilimwombea dua, ingawa simjui.

Lakini kilipofika kwetu kilirekebishwa kidogo ili kiendane na mazingira.

Kwanza, mkandarasi wa Wizara aliona ni fujo kila nyumba kuwa na bomba la bustani na bomba la jikoni. Akayaunganisha yote kwenye koki moja. Bustani ikishiba, nyumba nzima inahesabiwa kuwa imeshiba. Pili, Wizara iliamua kwamba haki ni kumpa kwanza mwenye kiu zaidi. Kwa hiyo mashine kubwa iliyoko Wizarani, inayoitwa Mfumo, huzilinganisha bustani zote za nchi, na ile iliyo kavu kuliko zote ndiyo hupewa maji mpaka itosheke. Zinazobaki husubiri mabaki, iliyo kavu zaidi ikitangulia.

Watu wakaelewa upesi. Ukitaka maji ya kunywa, bustani yako ife. Jirani zangu, ambao miaka yote walikuwa wakishindana kwa mabamia na matembele, wakaanza kushindana kwa vumbi. Walitandaza mabati juu ya matuta ili udongo uungue. Walipepea ardhi kwa vipepeo vya jikoni. Bwana mmoja aliota moto wa kuni mchana kando ya Sikio lake, akiwa amejifunika blanketi ili aonekane mgonjwa. Mvua ya manyunyu iliponyesha wiki ile ya Ramadhani, watu walitoka mbio kuzifunika bustani zao zisilowe. Mwisho wa mwaka Waziri alitoa Tuzo ya Bustani Bora, na mshindi alipigwa picha amesimama katikati ya jangwa lake.

Jambo la ajabu ni kwamba pamoja na jitihada zote hizo, hapakuwa na aliyeweza kumpita Waziri mwenyewe. Nyumba yake iko mwisho wa mtaa wetu, penye mwinuko. Ina ukoka mwororo, mawaridi, michungwa na vinyunyizio vinavyozunguka usiku na mchana. Na bado, kila asubuhi, Mfumo ulitangaza kwamba bustani kavu kuliko zote nchini ni ya Mheshimiwa Bakungwa.

Hapakuwa na hila yoyote. Sikio la Waziri ni mali ya Serikali, na mali ya Serikali haitakiwi kulowa. Kwa hiyo lilichomekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga mkavu, na kopo likawekwa kwenye rafu ndani ya kibanda cha mlinzi, juu ya jiko lake la mkaa. Mlinzi alilipangusa kila siku. Waziri alisema hadharani kwamba hakuna mwananchi anayelitunza Sikio lake kama yeye, na hilo ni kweli tupu.

*

Bustani iliyokuwa mbichi kuliko zote mtaani ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mke wa Mzee Makame.

Mzee Makame alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande mmoja wa mwili ukawa mzito na ulimi ukawa mzito, lakini akili ilibaki ilivyokuwa. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Kofia zake alizishona akiwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, na mteja mwenye vidole vya mafuta hakuruhusiwa kuzigusa. Kwa hiyo kila asubuhi mkewe alimtoa nje, akamkalisha kwenye jiwe la kuogea nyuma ya nyumba, akamwogesha na kumtawadhisha. Maji yale yaliteremka kwenye mgomba. Nyumba nyingi za kwetu zina mgomba wa bafuni, na hakuna anayeumwagilia. Watu wanaoga, mgomba unanywa, na siku moja unakata mkungu.

Koki ya Bi Mwanakombo ilikuwa imefungwa miezi mingi. Maji ya kumwogesha mumewe aliyanunua kwa wasukuma mikokoteni wenye madumu. Maji aliyonunua yaliulowesha udongo, udongo uliolowa ukaifunga koki, na koki iliyofungwa ikamfanya anunue tena. Wizara ilimwita mfano mzuri wa mzunguko wa maji.

Siku moja akafika Tindwa, Afisa Unyevu wa mtaa, na kishikwambi chake kwapani. Tindwa ni kijana wa hapa hapa. Bi Mwanakombo alimsomesha juzuu ya kwanza, na Mzee Makame alimshonea kofia yake ya kwanza ya Idi. Alisimama mlangoni, akakohoa, akasema bustani ina unyevu usioelezeka.

“Usioelezeka kwa nani?” Bi Mwanakombo akamuuliza. “Mume wangu anaoga. Pita ndani umwamkie.”

Tindwa alipita akamshika mzee mkono, kisha akarudi kwenye kishikwambi. Mle ndani kulikuwa na sababu za unyevu za kuchagua. Kulikuwa na mvua, lakini mvua haikunyesha. Kulikuwa na bomba bovu, lakini bomba lilikuwa la Serikali. Ikabaki hujuma. Alibonyeza hujuma, akaomba radhi, akapewa ndizi mbivu, akala. Aliporudi ofisini ile ndizi ikawekwa kwenye taarifa kama kielelezo.

*

Bi Mwanakombo akaitwa Wizarani siku ya Waziri kusikiliza kero. Tulimsindikiza baadhi yetu. Ukumbi ulikuwa na viyoyozi, na maji ya viyoyozi yalikuwa yakidondoka kwenye beseni lililoandikwa “Usiguse”.

Alieleza shida yake kwa ufupi. Alisema hataki maji ya bustani. Wakitaka, wang'oe mgomba. Anataka maji ya kumwogeshea mgonjwa, basi.

Waziri alimsikiliza huku akipapasa tai. Akasema anaguswa. Akasema hata yeye ana mama. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa wema, kwa nini mgonjwa asiyetoka nyumbani anahitaji kuoga kila siku, wakati kuna viongozi wanaokutana na wageni wa kimataifa na hawaogi hivyo.

“Huyu anakutana na Mola wake mara tano kwa siku,” alisema Bi Mwanakombo.

Waziri akageukia Kamati ya Dini ya Wizara, watu wanne wenye makanzu yaliyopigwa pasi vizuri sana. Mwenyekiti wao akasimama, akasema dini ni nyepesi, na asiye na maji hutayamamu kwa vumbi. Akaongeza kuwa vumbi ni rasilimali ambayo nchi yetu imejaliwa kwa wingi. Waziri akafurahi mpaka akasahau kero iliyokuwa mbele yake. Kabla hatujafika mlangoni tulikwisha kusikia kwamba Wizara itatoa pakiti za Vumbi Safi la Taifa, zilizofungwa kwa lakiri, kwa matumizi ya walio hai na wasio hai.

Juma lililofuata ikatoka Sheria ya Maji Yasiyo na Akili. Ilisema kwamba maji ambayo hayakupita kwenye Mfumo hayana akili, na kuyasafirisha kwa mkokoteni ni kosa. Mikokoteni ikakamatwa. Ilipangwa kwenye uwanja wa Wizara, madumu juu, na jioni ile michungwa ya Waziri ilionekana yenye afya.

Bi Mwanakombo akabaki na ndoo moja. Akawa anamfuta mumewe kwa kitambaa kibichi, uso na mikono, asubuhi na jioni. Nilikwenda kuwaona siku ya Ijumaa. Mzee Makame alijaribu kusema, na ilichukua muda maneno yakatoka.

“Mwanakombo. Nisiondoke mchafu.”

“Huondoki mchafu,” alimwambia. “Mimi nipo.”

Ndoo ile iliisha Jumapili. Alfajiri ya leo, adhana ikiwa bado inaendelea, Mzee Makame akafariki.

*

Tulikusanyika. Vijana walimlaza juu ya kitanda cha kuoshea na kumfunika shuka. Walianza kuchimba ufuo, ule mfereji wa kupokea maji ya maiti chini ya kitanda, kisha wakasimama na majembe yao, kwa sababu hapakuwa na maji ya kupokelewa. Kila nyumba ilileta ilichokuwa nacho. Mmoja alileta birika la chai lenye maji nusu, mwingine chupa ya mtoto ya shuleni. Vilipomiminwa pamoja havikutosha kuosha miguu.

Tindwa naye alikuja. Alikuja kama jirani, amevaa kofia iliyoshonwa na Mzee Makame, lakini kwapani alikuwa na kishikwambi na mkononi pakiti ya Vumbi Safi la Taifa. Aliitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa ubani. Juu yake palikuwa na picha ya Waziri akitabasamu.

Bi Mwanakombo aliitazama ile picha, akamtazama Tindwa. Alikwenda akasimama kichwani pa mumewe.

Maalim Fumu, imamu wetu, alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Ni mtu mpole, sauti yake hupotea hata msikitini. Akamwita Tindwa, akamwambia akae. Akamuuliza, hilo vumbi ni la wakati gani.

“La wakati ambapo maji hakuna, Maalim.”

“Na maji hakuna?”

“Hakuna, Maalim. Nimekagua mtaa mzima.”

“Nyamaza kidogo,” alisema Maalim. “Nanyi nyote nyamazeni. Sikiliza, mwanangu. Unasikia nini?”

Tulinyamaza. Hata waliokuwa wakilia walijizuia. Na kutoka mwisho wa mtaa, penye mwinuko, ikaja ile sauti tuliyoizoea mpaka tukaacha kuisikia: shishishi, shishishi, vinyunyizio vikizunguka juu ya ukoka.

Tindwa alisikiliza muda mrefu. Kishikwambi kilikuwa magotini, na nadhani angependa kimjibie.

“Nasikia maji,” alisema.

“Basi vumbi halisihi,” alisema Maalim Fumu, akainuka. “Maji yapo. Kiinueni kitanda.”

*

Hatukuvamia. Nasisitiza hilo, kwa sababu gazeti la jioni limesema tulivamia. Tulikwenda kwa utaratibu, wanaume mbele na kitanda, wanawake nyuma na khanga na ndoo tupu, tukisema la ilaha ilallah. Kwa desturi yetu, mtu akikutana na maiti husogea akaweka bega lake chini ya mti wa kitanda japo kwa hatua chache, kwa thawabu. Haulizi ni nani aliyekufa.

Mlinzi wa Waziri alikuwa kwenye lango. Ameagizwa asimruhusu mtu kuingia bila miadi. Alipoona kitanda akavua kofia, akaitupa kibandani, akaja mbio kuweka bega. Alipoliweka akawa mbele, na aliye mbele ndiye anayeongoza njia. Yeye mwenyewe alitupitisha langoni, akatupeleka mpaka katikati ya ukoka, na hapo ndipo aliposhtuka na kuuliza tunakwenda wapi. Tukamwambia tumekwisha kufika.

Vijana wakachimba ufuo pale pale. Udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Majembe yaliingia bila nguvu, na mmoja wao alisema hajachimba udongo kama huu tangu utotoni. Wanawake wakaunganisha khanga na kukizungushia kitanda, wakaangalia nje. Ndoo zikawekwa chini ya vinyunyizio, nazo zikajaa. Maalim Fumu akaingia ndani ya khanga na mpwa wa marehemu, na Bi Mwanakombo akaingia. Tulisikia maji yakimiminwa. Yalimiminwa kwa taratibu, tena na tena, bila haraka ya mtu anayeogopa yataisha.

Hapo Waziri akatoka barazani na taulo shingoni. Alitazama ukoka wake, ufuo, khanga, watu. Alimwona Tindwa.

“Afisa, funga hayo maji.”

Tindwa akabonyeza kishikwambi. Akabonyeza tena. Akasema kwa heshima zote kwamba Mfumo umekataa. Hii ndiyo bustani kavu kuliko zote nchini, na kwa mujibu wa sheria aliyoitia saini Mheshimiwa mwenyewe, haiwezi kunyimwa maji mpaka itosheke.

“Itatosheka lini?”

“Kopo likilowa, Mheshimiwa.”

Kila mtu aligeuka kutazama kibanda cha mlinzi. Kopo lilikuwa pale kwenye rafu, juu ya jiko, taa yake ya kijani inawaka. Waziri angeweza kutembea hatua chache na kulimiminia kikombe cha maji, na vinyunyizio vyote vingesimama. Alitazama kopo, akatutazama sisi. Kulowesha Sikio ni hujuma, na kifungo chake alikipanga yeye. Na kusema kwamba lile kopo si bustani kungekuwa kusema jambo jingine. Basi alibaki amesimama, taulo shingoni, maji yakimrukia viatuni.

Mtu aliyezoea hotuba hakosi la kusema. Akakohoa, akaanza kutueleza kwamba Wizara kwa muda mrefu ilikuwa na mpango wa kuwafikishia wananchi huduma za mwisho, na kwamba leo tunashuhudia majaribio yake. Alisema tendo hili ni ushahidi kuwa Mfumo unafanya kazi. Alimsifu marehemu, akalikosea jina lake. Hakuna aliyemkatiza. Sauti ya maji nyuma ya khanga ilikuwa ikimjibu vya kutosha.

Khanga zilipofunguliwa Mzee Makame alikuwa amekwisha kuvishwa sanda nyeupe, ananukia karafuu maiti. Uso ulifunuliwa kidogo tumtazame. Nimewaona maiti wengi, na sijamwona aliye safi vile.

Maji ya ufuo yaliyomwosha yalikuwa yakienda taratibu kwenye mawaridi.

Waziri akashuka ngazi moja. Sasa aliongea chini chini, kama mtu na mtu, akamuuliza Bi Mwanakombo kama wamemaliza, na kama ule mfereji utafukiwa leo, maana Alhamisi anatarajia wageni wa nje wanaokuja kuona jinsi bustani za nyumbani zinavyohifadhi maji.

Bi Mwanakombo alikuwa akikamua pindo la nguo yake. Aliikamulia ndani ya ufuo, asimwage nje. Kisha akamgeukia Maalim Fumu, akamwomba awaite watu wasogee, kwa kuwa ana neno na anataka lisikiwe. Tukasogea. Mlinzi alisogea. Tindwa alivua kofia, akakumbuka ni ya nani, akaivaa tena, akasogea.

“Nani shahidi wangu?” aliuliza.

Maalim akainua mkono, nasi tukainua. Tindwa aliutazama wake kwanza, kisha akauinua, na kishikwambi kikaanguka kwenye majani mabichi, taa yake ikazimika.

Bi Mwanakombo akamtazama Waziri usoni, Mungu amzidishie umri aone yote yanayokuja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

“Mimi Mwanakombo binti Shee nasema mbele ya watu hawa na mbele ya Makame. Siku yangu ikifika nitaoshwa hapa, kwenye ufuo huu huu, na kila atakayekufa Mikadini bila maji nitamleta hapa kwa mikono yangu, mchana, kwa kupitia lango la mbele. Naahidi.”